Madonge ya Udongo Mweusi

Binti yangu alifia Kasulu mwezi wa kumi na moja mwaka 2013, watu wakiwa wanapanda. Aliumwa kichwa siku ya gulio, na gulio lililofuata halikumkuta. Sina la kuongeza hapo. Watu huniuliza nilijisikiaje, nami huwajibu kwamba sikujisikia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona kwamba ni wako, unaufinya, nao haujibu.

Kwetu msiba ukiingia jembe linawekwa chini. Hulimi wala hupandi mpaka matanga yaishe, hata kama mvua inanyesha na majirani wako wa bonde la pili wanapita na mbegu mabegani. Kwa hiyo mbegu za binti yangu zilibaki kwenye kibuyu, juu ya dari ya jiko lake, na msimu ukazipita.

Maharage yale hayakuwa ya huku kwetu. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akitoka kambi ya Nyarugusu kuja sokoni kuuza chumvi na vitenge. Siku moja alimpa binti yangu konzi moja akamwambia, "Dada, hii ni maharagi ya kwetu, inaivaka mbio." Yalikuwa ya njano, yamezungukwa na duara jeusi kwenye jicho kama mtu aliyepaka wanja. Binti yangu aliyapanda, akavuna, akachambua. Kila msimu alitoa yaliyokunjamana na kubakiza manene, mpaka akapata maharage yanayoiva kabla ugali haujasongwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufikiria kuwagawia wenzake. Yule mama Mkongomani alishahamishiwa nchi za mbali, hivyo palibaki kibuyu kile tu.

Mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa anamaliza kidato cha pili. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na kila mtu Kibondo analijua hilo kwa sababu nimewaambia. Siku ya kumaliza matanga alinishika mkono akasema, "Bibi, mbegu za mama zisife."

Na mimi ambaye sikuwa nasikia kitu, hilo nilisikia.

Shida ikaanzia palepale. Mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, naye alisikia. Akakiteremsha kibuyu akakipakata.

"Shamba ni la mwanangu," akasema. "Mbegu ni za hapa."

"Na mikono iliyochambua ilitoka tumboni mwangu," nikamjibu.

"Tumbo halilimi, mkwe."

"Wala mwanao halimi. Tangu lini umemwona na jembe?"

Watu walicheka, na msibani watu wakicheka wanaume wanaona haya. Wazee wakaleta bakuli wakazigawa sawa mbele yetu. Nusu ikabaki Kasulu, nusu nikaja nayo Kibondo. Tukakubaliana tusizipande mwezi wa pili, maana mvua ya wakati ule huozesha maharage shambani, na mbegu kidogo kama ile huichezei. Zingengoja mwanzo wa mwaka wa kilimo, mwezi wa kumi. Maana yake zingekaa ndani masika yote.

Sasa, mbegu ya maharage kiangazi haina tatizo. Masika ndiyo yanayoiua. Hewa yenyewe imelowa, chumvi inatoka maji kwenye kopo, nguo hazikauki. Mbegu inakunywa ile hewa kidogo kidogo, inalainika, inaota ukungu au inapata fukufuku, wale wadudu watoboao nafaka. Ukiipanda mwezi wa kumi, ardhi inabaki kimya.

Mama yangu alikuwa anaweka mbegu za maboga kwa udongo, nami nilifanya hivyohivyo. Nilishuka bondeni nikachimba ule udongo mweusi unaonata. Mwezi wa saba udongo ule hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mvua ikishika, nyufa zinafunga zenyewe na ardhi inainuka mpaka nguzo za uzio zinalala. Ni udongo mroho. Niliukanda, nikafinyanga madonge makubwa kama ndimu, nikayaanika kila jua lilipojitokeza, kisha nikayaweka kwenye kigae juu ya makaa. Unayageuza taratibu kama karanga. Ukitaka kujua kama yamekauka unagusisha ulimi. Likishika ulimi kama mtoto anayenyonya, limekauka. Unayafunika yapoe ndani ya chungu chenye kifuniko, maana ukiyaacha wazi yataanza kunywa hewa kabla hujageuka. Yakipoa kabisa, unayapanga chini ya chungu kingine, juu yake majani makavu ya mgomba, juu yake mbegu kwenye kitambaa, unafunika na kuziba mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe.

Baada ya siku kadhaa unafungua. Madonge yamenenepa. Yaliyokuwa yamekaa kwa nafasi yanabanana, yameongeza weusi, na ukucha unaacha alama. Yamekunywa unyevu ambao ungeingia kwenye mbegu. Unayarudisha motoni, yanatoa kile yalichokunywa, na ngoma inaanza upya.

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya masika yale. Kazi nyingine zilifanywa na watu, au hazikufanywa. Nilikuwa naamka, nawasha moto, nageuza madonge, nagusisha ulimi. Majirani walikuja kunisalimia, "Mwakeye, bibi," wakakaa, wakasema maneno mazuri, wakaondoka. Sikumbuki hata moja. Mmoja wao, mwanakwaya mwenye mdomo, alinikuta donge liko mdomoni akapiga kelele, "Jamani, bibi ana mimba!" kwa sababu huku wanawake wenye mimba hula udongo. Nilimtazama tu. Alijichekea peke yake, akachoka.

Mwezi wa kwanza likatokea jambo. Nilikuwa nimeliacha donge moja kwenye chungu cha kupozea tangu jana yake, likawa baridi kama jiwe la mtoni. Nikalitoa na kulishika kiganjani. Paa la jiko langu linavuja, na tone moja likaangukia donge, kisha la pili, la tatu. Sikusogea, kwa sababu siku zile sikuwa nasogea bila sababu. Donge likapata joto.

Nililihamishia mkono wa pili. Lilikuwa na joto kweli, kama yai lililotoka chini ya kuku. Moto ulikuwa haujawashwa. Nikachukua jingine baridi, nikalinyunyizia maji kwa vidole, nalo likapata joto, likavimba na kuanza kumeguka. Sikumwambia mtu. Mwanamke aliyefiwa akianza kusema kwamba maji baridi yamepasha udongo baridi, watamwita mchungaji.

Pasaka nilikwenda Kasulu kupalilia kaburi. Mkwe mwenzangu alinipokea kwa uji na kwa habari zake. Mwanawe mwingine ana tanuru la matofali, na mkwe mwenyewe, aliposikia kwa mjukuu wetu, alikuwa ameiga madonge yangu. Ila hakuyaweka kwenye kigae. Aliyapenyeza katikati ya matofali, tanuru likawaka, akaja kuyatoa yakiwa mekundu kama nyanya.

"Gonga usikie," akaniambia.

Nikagonga mawili. Yalilia kama vikombe.

"Yako uliyaonyesha moto tu, mkwe. Haya yamepikwa. Wewe unakula viazi vibichi?"

"Mimi yangu nayapima kwa ulimi."

"Na mimi nina ulimi." Akatoa ulimi, akabandika donge. Likashika. Akageuka akanitazama kwa jicho la pembeni, donge jekundu likining'inia mdomoni mwake, na wajukuu wote wakakimbilia nje kucheka. "Haya, sema!" akasema alipolibandua.

Nililamba moja mwenyewe. Lilishika kweli.

"Na jambo jingine," akaendelea, "wewe kila mara unarudia kuchoma. Kuni unazipata wapi? Haya yangu tangu Krismasi hayajanenepa, hayajalegea, wala hayajapasuka. Yako vilevile. Udongo ukiiva haukusumbui."

Nilikubali. Hilo naliandika kama lilivyokuwa. Nilimwona ana akili kuliko mimi. Kuni zilikuwa zimeniishia na mgongo uliuma, na hapo Kibondo jirani yangu alikuwa anapanga matofali ya kuchoma. Niliondoka nikiwa nimeamua kuyatia madonge yangu tanuruni mwake, niache kuinama kila siku. Mjukuu wangu alikuwa amefunga shule kwa siku chache, akafuatana nami. Bibi yake wa Kasulu alimpa madonge mekundu mawili. "Kamwonyeshe huyu bibi yako wa Kibondo kila asubuhi, asisahau."

Tulipofika nikaanza kuyatia madonge yangu kwenye ndoo. Mjukuu wangu alikaa mlangoni akilitazama moja.

"Bibi, kwa nini la bibi Kasulu halinenepi?"

"Kwa sababu limeiva."

"Lakini kama halinenepi, linakunywa wapi?"

Nikaweka ndoo chini. Ndipo nikamweleza habari ya joto. Nilifikiri atanionea huruma. Badala yake akasimama akachota maji kwa kikombe. Akashika donge langu jeusi, lililopoa, mkono wa kushoto, na jekundu mkono wa kulia. Akaniambia nimwagie kidogo huku na kidogo huku. Nikamwagia. Macho yakamtoka.

"Hili linachemka!"

"Halichemki, usitie chumvi. Lina joto."

"Na hili halina kitu, Bibi. Shika." Nililishika. Lilikuwa limelowa na baridi, kama tofali lolote lililonyeshewa.

Nilimwambia jirani achome matofali yake bila mimi. Mjukuu wangu akarudi shuleni na donge moja la kila aina ndani ya sanduku lake. Baada ya siku chache akanipigia kwa simu ya mwalimu wake wa kemia, kijana Mwislamu aliyepangiwa huku kutoka Tanga, mwenye adabu nyingi. Walikuwa wameyajaribu darasani.

"Bibi, mwalimu anasema udongo ule ni kama karatasi nyembamba sana zilizopangwa, jicho haliwezi kuziona. Maji yanaingia katikati ya karatasi, yanazisukuma, ndiyo maana unavimba. Na maji yakishikwa na karatasi yanatulia. Yakitulia yanatoa joto."

"Na kuni zangu?"

Nikasikia anamuuliza mwalimu, na mwalimu akachukua simu mwenyewe. "Shikamoo, Bibi. Kuni zako ndizo zinazoyatoa maji pale yaliposhikwa. Joto unalotumia kuyafukuza ndilo unaloliona yakirudi. Halipotei."

"Marahaba. Na yule wa tanuru?"

"Yeye amezidisha. Moto ule mkali umezifunga karatasi, zimekuwa kitu kimoja. Donge lake litanyonya maji ya kumwagwa, kwa vitundu, kama tofali. Ndiyo maana linashika ulimi. Lakini unyevu wa hewani, ule mwembamba, halina pa kuuweka."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, polepole, bila kunicheka. Nilikaa na simu ile kiganjani muda mrefu baada ya kukatika. Nilikuwa nawaza zile kuni zote, ule moto wote niliouwasha bila kujisikia, na kwamba kila siku ulikuwa umekaa humo ndani ya udongo ukingoja. Sikujua nifanye nini na wazo hilo. Nikaenda kugeuza madonge.

Mkwe mwenzangu nilimpigia jioni ileile kumweleza. Aliniacha nikamaliza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo nitupe yangu, nianze kulamba matope kama wewe."

"Chimba meusi mapya. Bado mvua ipo. Mbegu zako zinakunywa sasa hivi tunavyoongea."

"Mkwe, wewe tangu mwanzo unazitaka hizi mbegu."

"Nina zangu."

"Basi lala na zako. Mambo ya tanuru tuachie sisi wenye tanuru."

Alikata. Mjukuu wangu naye alijaribu, akapewa pesa ya soda na kuambiwa asome kwa bidii. Zamani ningepanda basi nikaenda kugombana naye uso kwa uso, na ningeshinda. Sikuwa na mtu ndani yangu wa kumtuma. Nilibaki nachoma madonge yangu mpaka mvua ilipokatika mwezi wa tano, nikaziba chungu mara ya mwisho, nikakaa kiangazi chote bila kukigusa.

Mwezi wa kumi mwanzoni, wingu la kwanza likiwa linajikusanya upande wa Kumsenga, alikuja mwenyewe. Hakupiga simu. Niliona kitenge chake cha kanisani kinapanda njia, na kibuyu amekifunga mgongoni kama mtoto. Nikampa kiti na maji. Hakunywa. Alikifungua kibuyu juu ya ungo wangu, akamimina.

Njano yote ilikuwa imekwenda. Zilikuwa za kijivu, nyingine zina manyoya meupe, nyingine zimetobolewa na fukufuku. Zilinuka kama unga uliosahaulika kwenye kona. Katikati yake madonge mekundu yalikuwa mazuri, safi, hayajapata hata ufa.

"Haya, sema," akaniambia.

"Sisemi kitu."

"Wewe? Wewe usiseme?"

"Sina nguvu, mkwe."

Akanitazama sana. "Mimi ningekuwa wewe ningesema mpaka jua lizame," akasema. Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge kwa hasira, kama anayefukuza inzi. "Yule mtoto ananiuliza kila akija. Bibi, zikoje, Bibi, nizione. Nimekuwa namwambia zimelala, asizisumbue."

Nilileta chungu changu. Nilivunja kizibo mbele yake, maana mimi mwenyewe sikuwa nimezitazama tangu mwezi wa tano na sikutaka kuzitazama peke yangu. Zilikuwa za njano, na wanja wake. Kavu, zikigongana zilitoa sauti. Lakini mbegu nzuri kwa macho inaweza kuwa imekufa ndani, hilo tunalijua wote wawili. Tukachukua chache zangu na chache zake, tukazifunga kila fungu kwenye kitambaa chake kilicholowa, tukaziweka pembeni ya jiko. Alilala kwangu siku zile. Alinilalamikia paa, akalalamikia mboga, akapika mwenyewe kwa mawese mengi mno.

Tulipofungua, za kwake zilikuwa kamasi. Za kwangu nyingi zilikuwa zimepasuka zikatoa mzizi mweupe, na baadhi hazikuwa zimefanya kitu. Si zote zilipona. Namwambia kila anayeuliza: si zote.

Nikaleta bakuli nikazigawa nusu kwa nusu, kama wazee walivyofanya. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, wala moyo haukunisukuma. Ila mbegu moja kwenye shamba moja, mbuzi mmoja anaimaliza. Kasulu na Kibondo, angalau mbuzi wawe wawili.

"Mbona bakuli langu halijafika mdomoni?" akauliza.

"Limefika. Macho yako ndiyo hayajafika."

"Haya." Akaongeza moja kutoka kwenye langu, akaifunga, akaondoka na basi la asubuhi.

Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri, nikapanda. Kisha ikasimama. Jua likarudi kama la mwezi wa nane, tuta likafanya gamba juu. Siku zikapita na shamba liko kimya. Mkwe mwenzangu akapiga simu, hata salamu hakutoa.

"Zangu zimeota. Zako?"

"Huko kwenu imenyesha."

"Nimeuliza zako."

Nikakata. Nilikwenda nikakaa mwisho wa tuta. Sikuchimbua, maana ukichimbua unaua. Nilikaa tu, asubuhi moja na iliyofuata, na watu waliopita kwenda Gwarama walinisalimia na nadhani niliitikia. Kulikuwa na manyunyu kidogo alfajiri. Asubuhi ya pili yake gamba la udongo lilikuwa limeinuka mahali, likapasuka, na ndani ya ufa kulikuwa na shingo imeinama, nyeupe kuelekea kijani. Mbele kidogo nyingine. Tuta zima halikuwa na mstari ulionyooka, lilikuwa kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Lakini yalikuwa mengi ya kutosha kuvuna mbegu.

Simu ya mwalimu iliita saa nne, wakati wa mapumziko yao.

"Bibi?"

"Zimeota."

"Zote?"

"Zilizoota zimeota. Za Kasulu pia."

Nikasikia anaanza, kwanza kwa pua, halafu kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa msibani wala Pasaka kaburini, na nyuma yake wanafunzi wanauliza kuna nini. Mimi machozi hayakuja. Nilisimama katikati ya shamba, simu sikioni, nikahakikisha sikanyagi mche, nikamwacha alie mpaka salio la mwalimu likaisha.